Programu ya poti ya printa: DOS ilikubali, Linux inagoma. Msaada wakuu

fundi_ngamiani
Wakuu salaam. Niko Tanga hapa Ngamiani, nina mashine ya kutotoleshea vifaranga nimeiunda mwenyewe, kompyuta inawasha balbu za joto na mota ya kugeuza trei za mayai kwa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) nilizounga kwenye poti ya printa. Programu niliandika kwa Turbo C ya DOS, outportb(0x378, 0x01) balbu, 0x02 mota, 0x03 vyote (0x378 ndo anwani ya poti ya printa), miaka yote haijanisumbua. Kompyuta ile imekufa, nimepata nyingine ya mtumba ina Linux na poti ya printa inayo, nikabadili outportb ikawa outb, ikakompaili, ilitoa onyo moja sikulijali, ila nikiirun naambiwa Segmentation fault (programu inakatwa) hata kwa sudo, yaani haki za msimamizi. Mayai leo siku ya 6, trei nageuza kwa mkono, usiku naamka kila baada ya masaa matatu. Kwani 0x378 si ile ile?

mtu_wa_chuda
Pole sana mkuu. Anwani ni ile ile, kinachobadilika ni nani anaruhusiwa kuigusa. DOS haina mlinzi, Windows 98 nayo ilikuwa inakuachia, lakini Windows NT, 2000, XP na zilizofuata zinakataa mpaka upitie draiva (programu ya mfumo inayoongea na kifaa). Linux unaomba kwanza: ioperm(0x378, 3, 1) kabla ya outb. Sudo inakupa haki ya kuomba tu, kuomba uombe mwenyewe.

fundi_ngamiani
Nimeweka, imerudisha 0, bado inaanguka palepale kwenye outb!!

bwana_bagamoyo
Ndugu yangu lile onyo ndo lilikuwa linakwambia. Turbo C inaanza poti halafu thamani, Linux thamani kwanza: outb(0x01, 0x378). Wewe unaandika kwenye poti namba 1 ambayo hukuiombea ruhusa ndo maana unaangushwa, na afadhali hivyo, ungetumia iopl(3), inayofungua poti zote, ungekuwa unakiandikia kimyakimya kidhibiti cha DMA (kinachohamisha data kwenye kumbukumbu). FreeBSD (mfumo mwingine kama Linux) nayo jina ni outb hilohilo lakini poti inatangulia, na ruhusa unaipata kwa kufungua /dev/io. Hii imetutesa wengi. Kwa hiyo usitawanye outb programu nzima, weka fanksheni moja kwenye faili lake, andika_poti(thamani), siku ukihama unagusa hapo tu. Ukipata nafasi hamia /dev/parport0, draiva ya Linux ya poti ya printa, PPCLAIM kuishika poti kisha PPWDATA kuandika thamani, 0x378 huihitaji tena.

fundi_ngamiani
IMEWAKA! Balbu zinawaka, trei imelala upande wa pili yenyewe, nimekaa naitazama tu. Mungu awabariki sana.

mtu_wa_chuda
Safi sana. Hii nayo ikifa usikimbilie waya wa USB wa printa, ule hauna 0x378, na vile vibodi vya ARM (kama Raspberry Pi) havina hata hiyo amri ya outb. Chukua Arduino (kibodi kidogo cha kuendeshea vifaa) ishike rilei, kompyuta iipelekee herufi moja tu kwa siriali, Linux itaiona /dev/ttyACM0 au ttyUSB0, Windows itaiita COM3 au namba nyingine, basi.

bwana_bagamoyo
Na siku ya 18 uzime mota, ibaki 0x01.