Stowe: kondoo wanazuiwaje bila uzio?

FundiBustani: Wakuu, natengeneza bustani na kuuza miche huku Mbezi Beach. Bosi mmoja kanitumia picha ya jumba la Stowe, Uingereza, anataka kwake kuwe vilevile. Mbele ya nyumba kondoo wanakula majani, wala sioni ukuta wala seng'enge. Wanazuiwaje wasiingie kwenye maua?

MzeeWaRamani: Uzio upo, kijana, umezikwa. Unaitwa ha-ha. Unachimba mtaro mrefu. Upande wa nyumba unajenga ukuta wima wa mawe unaoishia usawa wa nyasi, upande wa malisho udongo unateremka taratibu. Kondoo akishuka anagota ukutani. Aliye barazani anaona kijani kitupu hadi macho yachoke. Pale Stowe ni kazi ya mbunifu wa bustani Charles Bridgeman, mwanzoni mwa karne ya 18.

Ila mwambie bosi wako hayo mandhari "ya asili" ni majembe matupu. Capability Brown, fundi bustani maarufu wa Uingereza, aliajiriwa pale 1741, hata miaka 30 hajafika, na bonde la bustani hiyo, liitwalo Bonde la Wagiriki, lilichimbwa kwa mikono, udongo ukasombwa kwa matoroli. Mahekalu unayoyaona si ya Wagiriki wa kale, yalijengwa yapendezeshe macho. Na palikuwa na kijiji! Kikaondolewa, likabaki kanisa, nalo wakalificha kwa miti. Hapo mimi siwasifii.

Bi_Kigamboni: Na hela zikakata 😂 Mwenye jumba, Duke wa pili wa Buckingham, alifilisika, 1848 vitu vya ndani vikapigwa mnada siku 40. Tangu 1923 jumba ni shule.

FundiBustani: Shikamoo mzee. Kiwanja ni mita 30 kwa 40, tambarare. Mtaro huo utafaa?

MzeeWaRamani: Marahaba. Haufai. Ha-ha inataka eneo refu na mteremko wa kutoa maji. Hapo masika ikianza utakuwa umemchimbia bosi bwawa la mbu. Halafu hao kondoo atawatoa wapi, Pugu mnadani?

Chukua ujanja mwingine wa Brown: alificha mipaka kwa mkanda wa miti. Panda miti na vichaka kufuata ukuta, visipangwe mstari kama gwaride, katikati acha ukoka mtupu. Njia ya gari ipinde kidogo, nyumba isionekane yote kuanzia getini. Na kifusi kiandikie bei yake peke yake, mabosi wa hivyo hawakikumbukagi.

Bi_Kigamboni: Hasa hicho kifusi.