Kuitwa maziwa lala mbele ya shifti nzima kwa sababu ya cheti alichokataa kulipia yeye mwenyewe

Nimetoka kazini sasa hivi, niko steji na mikono inatetemeka, kwa hivyo mnisamehe nikikosea herufi. Bosi wetu mnamjua. Jina silitaji, lakini kama umewahi kufanya kibarua hata siku moja kwa viwanda vya mikate hapa Nakuru, unamjua. Yule wa funguo ishirini kiunoni, akija unadhani punda wa mkokoteni amevishwa kengele.

Leo ameniita maziwa lala, yale yaliyolazwa mpaka yakachacha. Mbele ya shifti nzima.

Saa nne hivi kijana wa kibarua, siku yake ya tatu, amevuta trei kutoka kwa oveni bila glavu ndefu. Trei ikateleza ikamlalia mkono, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Mimi ndiye wa huduma ya kwanza shifti ya asubuhi, jina langu limebandikwa ukutani kando ya sanduku. Nikamkimbiza kwa mfereji, nikamvua saa kabla mkono haujafura, nikafungua maji. Maji baridi ya kutiririka, dakika 20. Si barafu, si unga, si siagi. Tuko dakika ya nne, funguo hizo zikaingia.

"Wewe toka hapo. Cheti chako kimelala. Wewe sasa ni maziwa lala."

Na watu wakacheka! Kijana analia, ngozi ya mkono inakunjamana kama utandu juu ya chai, na watu wanacheka. Maziwa lala. Mimi niliyeushika huo mkono!

Sasa niulizeni ni nani aliyekilaza hicho cheti. Barua ya kwanza ya kuomba mafunzo ya marudio nilimpa miezi mitatu kabla tarehe ya cheti kuisha haijafika. Akasema bajeti. Ya pili akasema nimngojee atoke mkutanoni. Huo mkutano utaisha Yesu akirudi. Ya tatu niliikuta jikoni imefungiwa mandazi. Barua yangu! Mafuta yamepenya mpaka kwa sahihi. Vyeti hivi vimewekwa tarehe kwa sababu mikono husahau. Kukandamiza kifua cha mtu asiyepumua mara 30 kisha kumpa pumzi 2, ukikaa miezi michache bila kurudia unaanza kubahatisha, na mtu aliyeanguka hana muda wa kungoja ukumbuke. Ndiyo maana niliomba. Sikuomba posho, sikuomba kofia.

Kisha akafungua sanduku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema humo kusiwekwe chochote ila vifaa vya huduma ya kwanza. Lake lina sukari robo, chaja, kiberiti na dawa ya meno. Akachukua hiyo dawa ya meno akampaka kijana mkono mzima kama anayepaka mkate siagi. Kwa kidonda cha moto! Inazuia joto lisitoke, na hospitali lazima waioshe kwanza ndio waone jeraha. Yeye hata cheti kilicholala hajawahi kuwa nacho, lakini maziwa lala ni mimi.

MAZIWA LALA. Wueh.

Fundi_Shabab: Pole dada. Lakini hiyo ya maziwa lala nimecheka mpaka mke wangu anataka kuona simu.

Shemeji_Njoro: Wa funguo! Huyo namjua! Alinikata siku mbili kwa kuchelewa dakika sita, na siku hiyo Njoro kulinyesha mpaka ng'ombe wakakataa kutoka.

MamaKondele: Wacheni kucheka. Dada, kijana alifunikwa jeraha? Malengelenge yasipasuliwe. Huku Kisumu, hoteli ya samaki ninayofanya, vyeti vimewekwa fremu kwa ofisi na wenyewe waliacha kazi kitambo. Mafuta yakimrukia mpishi tutamkimbiza kwa fremu.

Mleta uzi: Nilimrudisha kwa mfereji jamaa alipoenda kupokea simu. Nikaosha hiyo dawa ya meno, nikamfunika na plastiki safi mpya ya kufungia mkate. Kwa kujificha, kama mwizi! Ni maziwa lala ndiye aliyemfunika, andikeni hapo.

Sheria_Kwanza: Dada, tusidanganyane. Kimeisha kimeisha. Ukishikwa Salgaa na leseni iliyoisha, utamwambia polisi mikono bado inajua usukani?

Mleta uzi: Nyumba yako ikishika moto, utaniuliza cheti cha kubeba ndoo? Ningekuwa nacho hicho cheti kama barua haingefungiwa mandazi!

Fundi_Shabab: Mandazi yalikuwa ya ngapi?

KondaMstaafu: Mmetaja Salgaa mmenigusa. Matatu inatakiwa kubeba sanduku la huduma ya kwanza. Kesho fungua lolote: plasta moja imekauka kama jani la mahindi, na risiti za mwaka juzi. Mimi nilimwomba mwenye gari bendeji, akaniambia abiria waje na zao.

MamaKondele: Na kizimamoto je? Cha kwetu hotelini kinazuia mlango usifungwe na upepo.

Shemeji_Njoro: Afadhali nyinyi mnaongea sanduku. Jana jioni nimelipa nauli mara mbili kwa sababu ya manyunyu. Manyunyu! Hata kioo cha gari hakijalowa.

KondaMstaafu: Mvua ikianza kila mtu anataka gari moja, mzee. Wewe ungefanyaje?

Shemeji_Njoro: Ningeona haya.

Sheria_Kwanza: Risiti ulipewa? Kama hukupewa, hiyo ni kesi nyingine.

Mleta uzi: Kijana amenipigia sasa hivi. Amefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Daktari amemwambia yale maji ya kwanza yamemsaidia sana. Anauliza kama kesho atalipwa.

Shemeji_Njoro: Risiti gani bwana, mtu ananing'inia mlangoni.

Fundi_Shabab: Na nauli ya mtaa wa Free Area siku ya mvua huwa ngapi?