Gari jipya la umeme kwa milioni nne na nusu: hapa Malindi linalipa?

Dereva wa Watalii, Malindi

Salamu nyote. Nina jambo nataka mnikosoe. Kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na kuwaleta Watamu au Malindi, safari nne kwa wiki msimu ukikubali. Juzi nimeitwa nionyeshwe gari jipya la umeme. Nimeliendesha hadi Mambrui na kurudi, na sitadanganya: kimya kama dau lenye upepo mzuri, na ukikanyaga linaruka. Bei ni milioni nne na nusu. Muuzaji ananiambia, "Petroli utakayookoa ndiyo itakayolilipa." Nikarudi nyumbani, nikachukua daftari la mwanangu la hesabu.

Mombasa kwenda na kurudi ni kama kilomita 240. Gari langu la petroli lita moja linakwenda kilomita 15, kwa hivyo lita 16. Tuseme lita ni shilingi 180: 2,880. La umeme la ukubwa ule linakula kama uniti 15 za stima (kilowati-saa) kwa kilomita 100, yaani uniti 36. Tokeni za nyumbani, pamoja na makodi yake, naziweka 30 kwa uniti: 1,080. Tofauti ni 1,800 kila safari. Kwa safari nne, wiki 48, ni 345,600 kwa mwaka.

Hapo nilikuwa natabasamu. Kisha nikakumbuka pesa zenyewe sina. Mtumba wa kuchukua nafasi ya hili langu hauzidi milioni 1.8. Nyongeza ya milioni 2.7 ni ya kukopa, na kwa asilimia 15 riba ya mwaka wa kwanza ni 405,000. Akiba yote imeliwa, nimetia na elfu sitini zangu juu, na deni lenyewe halijaguswa.

Kwa bei hii naona halilipi hata kwa mtu anayekimbia kama mimi, sembuse anayetoka Ngala hapa mjini kwenda sokoni.

Mwalimu Mstaafu

Hesabu ni safi, mizani ndiyo imepinda. Unapima gari jipya kwa mtumba wa miaka saba kutoka Japani. Pima jipya kwa jipya uone kama la petroli nalo litakuachia kitu mfukoni. Na oili je? Filta? Plagi? La umeme halina hayo.

Dereva wa Watalii, Malindi

Shikamoo Mwalimu. Jipya kwa jipya ni haki, lakini nitajie watu watatu Malindi hii wanaonunua gari jipya na hawana hoteli. Mtu hupima na kile ambacho angenunua. Oili nakupa. Kila kilomita 5,000 sevisi inanitoka elfu sita, na kwa mwaka nakwenda kilomita 46,000, kwa hivyo mara tisa: 54,000. Ukizitia, nakaribia kutoka sare na riba. Sare tu.

Mwamu

Sisi huku Amu (Lamu) gari letu ni punda, linachaji kwa majani na pumba. Tabu yake ni sauti alfajiri.

Bint Shela

Kaka yangu, kwani lazima riba? Kuna murabaha. Benki inalinunua gari, inakuuzia kwa faida mliyokubaliana siku ya kwanza, na hiyo haipandi.

Dereva wa Watalii, Malindi

Dada, kwa dini yangu ndiko ningekwenda. Lakini ile faida nayo nalipa mimi, na nikiitia kwenye daftari inakaa pale pale palipokuwa na riba.

Fundi Stima wa Barani

Nyote mnahesabu shilingi, hakuna aliyeuliza litachajiwa wapi. Soketi ya kawaida ni ampea 13, na ya kuachwa inavuta usiku kucha usiipe zaidi ya 10. Hiyo ni kama kilowati 2.3. Uniti zako 36, na zinazopotea njiani, ni saa 16 au 17. Umerudi saa nne usiku, mgeni wa kesho anatua saa nne asubuhi. Utamwambia asubiri gari lishibe?

Mwezi uliopita nimeitwa kwa mtu mwenye gari la umeme la mtumba. Alikuwa akivuta ekstensheni kutoka sebuleni, kupitia dirishani, hadi kwenye mwembe linapolala gari. Ile plagi ilikuwa imeshikana na soketi, nikaing'oa kwa koleo. Pini moja nyeusi kama kaa, plastiki imegeuka rangi ya kahawia na kujikunja, na ukutani juu yake moshi umechora ulimi. Waya ulikuwa mwembamba, wa kuwashia feni na tivii. Alikuwa akilala na hatari hiyo ndani ya nyumba, asijue.

Ukitaka lijae usiku mmoja, fungiwa chaja ya kilowati 7. Hiyo ni ampea 32, waya wake wa milimita 6 za mraba peke yake kutoka ubaoni, na breka yake. Kazi hiyo si bure, iandike kwenye daftari. Lakini nakupa na jema: mwaka 2023 ilitoka bei maalumu ya stima ya magari, ilianza kwa shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kabla ya kodi na makato mengine. Inataka mita yake.

Mlipa Ushuru

Kuna jambo mnalipita. Kila lita ya petroli ina ushuru wa barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024. Lita 16 ni 400. Kwa hivyo kati ya zile 1,800 mnazozisifu, 400 si ujanja wa mota, ni ushuru ambao mwenye gari la umeme halipi, na barabara ya Mombasa anaikanyaga vile vile, tena kwa gari zito kwa sababu ya betri. Juu ya hayo, Sheria ya Fedha ya 2019 ilimshushia ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10. Nani anayepewa afueni? Mwenye milioni nne. Mama wa Kakuyuni anayepanda matatu ile 25 imo ndani ya nauli yake.

Bint Shela

Na moshi wa hiyo matatu anauvuta nani, si mama huyo huyo? Petroli tunainunua nje kwa dola. Stima yetu nyingi ni ya mvuke wa ardhini, maji na upepo, na hapa Langobaya tuna mtambo wa sola wa megawati 40. Afueni iwepo, ila ianze kwa tuktuk na boda, ndizo zinazozunguka mjini kutwa.

Mlipa Ushuru

Kwa tuktuk tuko pamoja.

Dereva wa Watalii, Malindi

Fundi amenirudisha kwenye daftari. Nikichaji usiku kwa mita maalumu, tuseme uniti inifikie kwa 15 na makato yake. Naokoa 540 zaidi kila safari, yaani 103,680 kwa mwaka. Jumla na sevisi ni 503,280. Toa riba, inabaki 98,280. Nikaanza kutabasamu tena.

Mke wangu akaniuliza: na bima? Gari la mkopo ni bima kubwa, ile inayofidia na gari lenyewe. Kwa asilimia 4, la milioni 4.5 ni 180,000, la milioni 1.8 ni 72,000. Tofauti 108,000. Nimerudi chini ya sifuri, na chaja ya Fundi sijaitia.

Nimempigia muuzaji, nikamwambia akishuka hadi milioni nne tunaweza kuzungumza. Ameniuliza kama nataka na gunia la maembe juu yake.