Mashine ya boti ya zamani ya nguvu farasi 40 inakula petroli balaa, nianzie wapi?

Kijana wa Kibirizi
Wakuu habari za mihangaiko. Nina boti ya mbao nabebea abiria na mizigo Kibirizi kwenda Mwamgongo, mashine ni 40 ya stroki mbili, silinda mbili, zile za kuchanganya oili kwa mkono, niliichukua mtumba. Zamani madumu mawili ya lita 20 yalikuwa yananipeleka na kunirudisha na kidogo kinabaki, sasa hivi la tatu lazima liguswe na hapo mzigo ni uleule na ziwa limetulia, siongelei siku za kusi. Moshi umeongezeka, ikiwa silensa (inaunguruma taratibu bila kufunguliwa mafuta) inatetemeka kama inataka kuzima, ila ukifungua mafuta inachanganya na kuondoka. Fundi mmoja hapa mwaloni kasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naulizeni, kweli ni kabureta?

Mgebuka_Mkavu
Kigoma tupo juu mkuu, ziwa lenyewe liko mita 770 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi kwa hiyo mafuta yanazidi hewa. Weka jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli.

Mzee Spana
Mgebuka hilo lipo ila ni dogo, na ziwa halijapanda juu mwaka huu, mashine si ilikuwa inakula vizuri hapohapo? Tutafute kilichobadilika.

Kijana wangu usinunue kabureta kwanza. Ujue 40 ya stroki mbili ukifungua mafuta yote inakunywa lita 17 mpaka 20 kwa saa, hiyo ni tabia yake, ukirudisha kidogo tu unaokoa mengi, vijana wanaoshindana kuwahi abiria ndio wanamaliza madumu. Ila wewe una moshi na silensa mbovu, hapo kuna mafuta yanaingia bila kuchomwa. Ikitoka safari usiiache ikisilensa muda mrefu, izime, toa plagi zote mbili uziweke pembeni ya juu na ya chini usizichanganye. Rangi ya kahawia ni nzima. Zote nyeusi zimelowa, cheki choki (kile kibati kinachoziba hewa wakati wa kuwasha) kama inafunguka yote, halafu floti, boya la ndani ya kabureta, na sindano yake inayofunga petroli. Moja nzima moja imelowa, rudi hapa uniambie maana hapo kabureta haina kesi, kama yako ni moja inayolisha silinda zote mbili.

Dada Ujiji
Na pangaboi jamani msilisahau. Boti yetu ilikuwa hivyohivyo, inapiga resi lakini haiendi, kumbe ule mpira wa ndani ya pangaboi umeachia na unateleza. Chora mstari wa rangi kutoka chuma cha katikati kuvuka mpira mpaka kwenye pangaboi lenyewe, nenda ukirudi angalia, mistari ikiwa imeachana basi mpira umekufa. Na mbao ikinyonya maji boti inakuwa nzito hata bila mzigo, ipandisheni mchangani ikauke.

Kijana wa Kibirizi
Nimefanya. Pangaboi mstari umekaa palepale. Plagi ya juu kahawia safi, ya chini nyeusi inachuruzika kabisa yaani ukiigeuza inadondosha. Oili naweka mililita 400 kwa dumu la lita 20, wengine wanasema niongeze.

Mzee Spana
Oili usiongeze, hiyo ni moja kwa 50 inatosha, na iwe ya boti sio ya gari. Sasa badilishana plagi, ya juu ilete chini. Ikilowa hiyohiyo ya chini, plagi haina kosa, hakikisha inapiga moto (lakini funika dumu na subiri mvuke wa petroli uishe, watu wameungua hivyo). Moto ukiwepo, fungua pampu ya mafuta, ile ndogo ya pembeni, sio ya kubonyeza kwa mkono. Ndani kuna dayaframu, mpira mwembamba unaochezeshwa na pumzi ya silinda moja. Ukitoboka, silinda hiyo inavuta petroli moja kwa moja kupitia kitundu cha pumzi, kabureta haihusiki hata kidogo.

Kijana wa Kibirizi
Mzee nimefungua, una ufa pembeni kabisa ukiuvuta ndio unauona, ukiutazama juujuu unaweza kuapa ni mzima. Kuna jamaa ananiambia nikate mpira wa tyubu ya baiskeli niweke.

Mzee Spana
Thubutu! Tyubu inavimba kwenye petroli, utakwama katikati ya Gombe na abiria wako. Nunua dayaframu na gasketi zake, haifiki hata robo ya bei ya kabureta. Ukifunga, minya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ikilegea yenyewe kuna sehemu bado inapitisha.

Dada Ujiji
Na plagi hiyo iliyolowa tupa, weka mpya zote mbili.