Naomba ushauri: mikono miwili kwenye pleya moja ya santuri

Habari zenu wakuu. Nina Garrard 301, ile ya Uingereza ya miaka ya 1950, yenye spidi za 33, 45 na 78. Ina mkono mmoja (ule unaobeba sindano) wa inchi 9. Marehemu babu aliacha santuri za 78, taarabu na dansi, lakini sindano ya LP (santuri za spidi 33), mikroni 18 hivi, inazama mpaka chini ya mfereji na kukwaruza tu. Zinataka sindano nene, kama mikroni 75. Kubadilisha kichwa (kile kinachoshika sindano) na kupima uzito upya kila mara nimechoka, na juzi nusura nipinde sindano.

Seremala ananichongea boksi jipya la mninga, zito. Nataka mkono wa pili, inchi 12, ukae nyuma. Je, huko nyuma mtu anaushika vizuri bila kuugonga wa kwanza? Halafu amplifaya yangu ina tundu moja tu la fono (la kuchomekea pleya). Nilijaribu kuunganisha nyaya za mikono yote pamoja (mkono wa pili niliazima), spika zikanguruma kama jenereta. Niweke swichi au priamp ya pili (kikuzaji kidogo cha sauti ya sindano)? Na ethi (nyaya za ardhi) za mikono miwili mnazifunga wapi? Seremala anatoboa Jumamosi.