Dada amefariki hospitalini kwa maambukizi ya damu na tumeshamzika. Bado tunaweza kuomba uchunguzi wa kifo?

MwanaBombo:
Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya serikali, sitaitaja. Akaruhusiwa, akarudi nyumbani Bombo, hapa Uganda, na mtoto. Baadaye homa ikampanda, kidonda kikaanza kutoa usaha wenye harufu, tukamrudisha. Alifika jioni akitembea mwenyewe. Alfajiri alikuwa ameshafariki. Kwenye karatasi ya kifo wameandika sepsisi, yaani hayo maambukizi ya damu.

Kinachonikosesha usingizi ni ule usiku. Tangu saa nne alikuwa anahema juu juu, mikono baridi, anamwita mama ilhali mama yuko pale pale amemshika. Nesi akasema ni homa tu, apewe panadol. Nesi mwenyewe alikuwa peke yake wodi nzima, hilo nalisema kwa haki. Daktari alikuja baadaye akaandika dawa, tukaambiwa hazipo, tukanunue nje. Nilipiga picha karatasi ya vipimo pale kitandani: saa nne usiku joto 39.6, mapigo ya moyo 138, kisha safu zote tupu mpaka saa kumi.

Tulimzika siku hiyo hiyo, hakuna aliyewaza kupasua maiti. Shemeji anasema ni kadari ya Mungu, tuache. Mama hali, halali, anataka kujua. Je, mahakama inaweza kuchunguza sasa? Ni lazima kaburi lifukuliwe?

MzeeWaArua:
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu, kadari tunaiamini sote, lakini haimzuii mtu kuuliza haki ya marehemu. Kaeni na shemeji yako kabla hamjakwenda popote. Yeye ndiye mume na baba wa huyo mtoto, asije akasikia habari polisi. Kaburi msilikimbilie. Likifika huko, muoneni kwanza kadhi wa wilaya.

MkungaWaJinja:
Pole sana mdogo wangu, mpe mama pole yangu. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi na nimesoma ulichoandika mara mbili. Mzazi aliyepasuliwa, ana homa, mapigo 138, anahema juu juu, mikono baridi, ameanza kuchanganyikiwa: hiyo si "homa tu". Mgonjwa wa namna hiyo antibayotiki za mshipani zinatakiwa zimwingie ndani ya saa moja, na vipimo virudiwe mara kwa mara usiku kucha. Kwa hiyo swali lenu kubwa ni la saa: nani alijua nini, saa ngapi, na dawa iliingia saa ngapi.

Ndiyo maana sikushauri uanze na kaburi. Mwili uliokaa ardhini wiki kadhaa, vijidudu vya kuoza vimeshachanganyika na vya ugonjwa, huenda usioneshe cha maana. Karatasi zitasema zaidi. Kuna faili lake la upasuaji wa kwanza na lile la kurudi. Kuna karatasi ya dawa, ambapo nesi hutia saini kila anapochoma sindano, na kitabu cha maabara kitakachoonesha kama damu yake ilichukuliwa kupimwa. Na ile dawa mliyonunua nje, risiti iko wapi? Kama mlilipa kwa simu, ujumbe wa malipo una dakika kamili. Msiufute.

Jambo jingine ambalo familia nyingi haziambiwi: kifo cha mzazi hapa Uganda hospitali inatakiwa ikitolee taarifa Wizara ya Afya ndani ya saa 24 na kukijadili ndani ya siku 7. Kikao hicho ni cha kujifunza, hakimtafuti mkosaji. Hata hivyo ulizeni kwa barua kama kilifanyika.

Kasese_Moja:
Pole ndugu, ila nakwambia ukweli, watalindana wale. Utamaliza nauli zako bure.

WakiliNtinda:
Kasese, uchungu wako nauelewa, lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru wilaya ya Nakaseke iilipe familia shilingi milioni 35 kwa mzazi aliyefariki hospitalini wakati daktari wa zamu hayupo. Kesi ile ilisimamiwa na CEHURD, shirika la haki za afya lililoko Kampala. MwanaBombo, waoneni hao.

Sasa swali lako. Ndiyo, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo, na kazi yenyewe hufanywa na hakimu. Mlango wake ni polisi: toa taarifa kituoni, hakikisha imeandikwa na umepewa namba yake, halafu andika barua kwa hakimu mwenye eneo hospitali ilipo, nakala kwa polisi. Hakimu ana uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe, lakini kuzikwa hakufungi uchunguzi. Jueni pia mipaka yake: atatafuta amekufaje na kwa sababu gani, hamfungi mtu wala hawapi fidia.

Malalamiko juu ya daktari yanakwenda Baraza la Madaktari, ya nesi yana baraza lake. Na mkitaka kuishtaki serikali kwa uzembe, mwisho ni miaka miwili. Msingoje uchunguzi uishe ndipo mtafute wakili.

MwanaBombo:
Ahsanteni. Shemeji nimemsomea maneno ya Mzee, amekubali kuandika barua kwa jina lake. Ila karani wa hospitali amesema faili hatupewi.

WakiliNtinda:
Mdomo hauna kumbukumbu. Shemeji aombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, aambatishe cheti cha ndoa na cha kifo, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Wana siku 21 za kujibu. Polisi nao waombe hilo faili kwa ajili ya uchunguzi.

MwanaBombo:
Na ile picha, niichapishe?

WakiliNtinda:
Chapisha, lakini ya asili ibaki kwenye simu bila kukatwa wala kuchorwa, ibaki na tarehe na saa yake. Jitumie nyingine kwa barua pepe leo hii. Na usiiweke humu.

MkungaWaJinja:
Mama naye aeleze anachokumbuka, wewe uandike, kabla hamjaanza kusimuliana.