Wimbo wa Kijapani kwa bendi ya hotelini: tuchague upi?

NuruSauti

Wakuu, habari za jioni. Naimba kwenye bendi ya hoteli huku Zanzibar, upande wa mashariki. Tuko watano: gitaa, besi, kinanda, dramu na mimi. Wageni wa Kijapani si wengi kama Waitaliano, ila wakija hukaa meza za mbele na kusikiliza hadi wimbo wa mwisho. Nataka kuwapa wimbo mmoja wa kwao, na niuimbe sawasawa, si kubabaisha maneno huku nikitabasamu.

Baada ya kusikiliza sana nimebaki na hizi: "Ue o Muite Aruko" wa Kyu Sakamoto (1961), "Mayonaka no Door" wa Miki Matsubara (1979), "First Love" wa Hikaru Utada (1999), "Lemon" wa Kenshi Yonezu (2018) na "Idol" wa YOASOBI (2023). Moyo wangu uko kwa "Idol", maana kila nikifungua simu naukuta. Sauti yangu ni ya chini kidogo, alto. Wenye uzoefu nisaidieni kulinganisha: upi unapigika na watu watano bila kompyuta, na upi utajulikana na mgeni wa miaka 25 na wa miaka 65 pia?

OtakuWaPangani

Niaje dada Nuru, niko Nairobi na hizi ngoma nazijua. Kura yangu ni YOASOBI. Hawa ni wawili tu: Ayase anatunga, Ikura anaimba, na kazi yao ni kugeuza hadithi fupi kuwa nyimbo. Wimbo wao wa kwanza, "Yoru ni Kakeru", ulitoka Desemba 2019 kutokana na hadithi iliyowekwa kwenye tovuti ya Sony ya waandishi chipukizi. Mwaka 2020 ukaisha wimbo huo ukiwa namba moja kwenye chati ya mwaka ya Billboard Japan, na wakati huo ulikuwa bado haujatolewa kwa CD. Kwa nchi inayonunua CD vile Japani inavyonunua, hilo ni jambo kubwa sana.

"Idol" wenyewe ulitengenezwa kufungua katuni ya Oshi no Ko, na ndio wimbo wa kwanza wa Kijapani kushika namba moja kwenye ile chati ya Billboard ya dunia isiyohesabu Marekani. Wageni vijana wakisikia mwanzo wake tu watainuka vitini.

KinandaMoshi

Natia neno kama mpiga kinanda. Otaku ameeleza YOASOBI vizuri, lakini swali la Nuru ni la jukwaani, na hapo kuna jambo ambalo wengi hatuliangalii: wimbo umetungiwa koo gani?

Mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilitoa Hatsune Miku, programu inayoimba. Unaiandikia noti na silabi, yenyewe inaimba. Vijana wasio na bendi wala mwimbaji wakaanza kuitungia nyimbo wakiwa vyumbani mwao na kuzipandisha mtandaoni. Mmoja alijiita Hachi. Ndiye Kenshi Yonezu wa leo. Ayase katokea huko huko. Hata "Usseewa", wimbo uliomtoa mwimbaji Ado mwaka 2020, ulitungwa na syudou, naye ni wa mkondo huo.

Sasa programu haina mapafu. Haichoki, haijali noti zinaruka kutoka chini hadi juu mara ngapi, na inatamka silabi kumi pale ambapo mtu angetamka tano. Mtunzi akishazoea kuitungia hiyo, mkono wake hubaki hivyo hata anapomtungia binadamu. Chukua beti ya "Idol", ile inayoghaniwa haraka, utafute pa kuvuta pumzi. Utapata upenyo mdogo mno, kisha kiitikio kinakuangukia kwenye ufunguo mwingine. Ikura anauweza, tena jukwaani na bendi kamili, kwa sababu ni mwimbaji wa kiwango cha juu mno. Lakini wewe utauimba saa nne usiku, umeshaimba saa mbili nzima, na upepo wa bahari unakupiga usoni.

Linganisha na "Mayonaka no Door". Muziki ni wa Tetsuji Hayashi, maneno ni ya Yoshiko Miura, na wimbo mzima umejengwa kwa ala zilizoshikwa mikononi. Besi ndiyo inayoubeba. Gitaa linakwaruza juu yake kwa mtindo wa disko, na fidla na ala za kupuliza kinanda kinaweza kuzifidia. Matsubara alikuwa na miaka 19 ulipotoka, lakini anaimba kwa utulivu wa mtu mzima, hapigi kelele hata pale anapolia. Kila mstari una pa kupumulia. Halafu kiitikio kinaanza na maneno matatu ya Kiingereza ambayo hata Mjerumani wa meza ya nyuma ataitikia.

OtakuWaPangani

Hiyo ya mapafu nakubali kabisa. Lakini usimweke Yonezu kwenye kapu moja na mashine. Alipoanza kuimba kwa jina lake halisi alibadilika sana, na "Lemon" ndio ushahidi. Ulikuwa wimbo wa tamthilia ya Unnatural kwenye televisheni ya TBS, inayohusu wataalamu wanaochunguza sababu za vifo. Akiwa katikati ya kuutunga, babu yake akafariki. Unasikia ule msiba mle ndani. Hausemi mambo makubwa, unazungumzia harufu ya limau chungu isiyotoka kifuani. Ulimaliza namba moja Billboard Japan mwaka 2018, na 2019 tena. Miaka miwili mfululizo, wimbo wa maombolezo!

Na ile Kohaku, tamasha la nyimbo la televisheni la kufunga mwaka, ya 31 Desemba 2018 aliuimba moja kwa moja kutoka kwao Tokushima, ndani ya jumba la makumbusho la Otsuka, kwenye ukumbi ulionakiliwa kutoka kanisa la Sistine. Kabla ya hapo watu walikuwa hawajamwona akiimba kwenye televisheni.

KinandaMoshi

Kwa uzuri wa utunzi sina ubishi, "Lemon" unaushinda "Idol" kwangu. Shida ni mbili. Anaruka kwenda sauti ya juu nyembamba mara kwa mara, na alto atalazimika kuhamisha ufunguo mpaka beti zizame chini kabisa. Ya pili, wageni wako likizoni, wengine fungate. Sijui kama ningewapa maombolezo wakati wa chakula.

MamaTatu

Hamjambo wanangu. Niko Yokohama muda mrefu sasa, na kazini kwetu kila mwisho wa mwaka tunakwenda karaoke, kwa hiyo naandika yale ninayoyaona.

"First Love" naomba msiupite haraka. Utada ni mtoto wa Keiko Fuji, aliyekuwa mwimbaji mkubwa wa enka, zile nyimbo za huzuni za Kijapani za mtindo wa zamani, na alizaliwa New York. Albamu yenye wimbo huo ilitoka Machi 1999 akiwa na miaka 16, ikauza zaidi ya nakala milioni saba ndani ya Japani, na mpaka leo hakuna albamu iliyouza zaidi nchini humu. Walio kwenye miaka ya arobaini wanaujua wote. Wadogo wameujulia kwenye tamthilia ya Netflix ya 2022 iliyojengwa juu yake. Ukianza kuimbwa chumbani, simu zinawekwa chini. Kwa sauti ya alto na kinanda peke yake unatosha. Wala hauhitaji dramu.

"Mayonaka no Door" niseme ukweli wake. Wenyeji wa rika langu wanaufahamu, lakini haukuwa wimbo mkubwa kuliko zote za enzi zake. Ulirudi kutoka nje. Mwimbaji mmoja wa Indonesia, Rainych, aliuimba upya kwenye YouTube mwaka 2020, na TikTok kukawa na vijana wenye mama wa Kijapani wanaowawekea mama zao wimbo huo na kuwarekodi wakianza kuuimba. Desemba ya mwaka ule ukashika namba moja kwenye chati ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa duniani. Matsubara hakuyaona hayo, alifariki 2004 akiwa na miaka 44. Hilo huniuma kila nikiusikia.

Sasa ukiniuliza wimbo ambao Mjapani wa umri wowote anaujua, jibu ni moja tu, "Ue o Muite Aruko". Wanafundishwa shuleni. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, wasanii na waigizaji wengi waliuimba kwa kupokezana mstari kwa mstari kwenye tangazo la televisheni.

Shomari_88

Mbona "Plastic Love" wa Mariya Takeuchi haumo? Kwangu ndio kinara wa nyimbo zile za miaka ya themanini. Katunga mwenyewe, maneno na muziki, na mumewe Tatsuro Yamashita akaupanga. Upo kwenye albamu yake ya 1984.

KinandaMoshi

Shomari, ni wimbo mtamu, na gitaa lake mpiga gitaa wao atalipenda. Ila ni mrefu na unakwenda mwendo mmoja muda wote, utamu wake uko kwenye kurudiarudia. Wageni wanaokula watauona kama muziki wa nyuma tu. Kwa seti ya kucheza usiku sana, sawa.

Ningeongeza mwingine ambao haujatajwa: Fujii Kaze, "Shinunoga E-Wa". Kijana wa mji mdogo wa Satosho, Okayama, aliyejulikana kwa kupiga kinanda nyimbo za watu YouTube. Wimbo uko kwenye albamu yake ya 2020, na miaka miwili baadaye ukavuma TikTok kuanzia Thailand. Kinanda na mwimbaji wanautosheleza.

MzeeWaKaseti

Nimesoma kimya, sasa nichangie. Mimi wimbo wa Kyu Sakamoto nilikuwa nao kwenye santuri ya kaka yangu, umeandikwa "Sukiyaki". Hilo ni jina la chakula, nyama inayopikwa sufuriani mezani, wala halimo kwenye wimbo. Kampuni za santuri za Uingereza na Marekani ziliona jina la asili litawashinda wanunuzi wao. Kwa jina hilo ukashika namba moja Marekani Juni 1963, wiki tatu, ukiimbwa Kijapani kitupu.

Muziki ni wa Hachidai Nakamura, maneno ni ya Rokusuke Ei. Watu huuchukulia kama wimbo wa mapenzi. Ei aliyaandika maneno yale kwa uchungu baada ya maandamano makubwa ya 1960 ya kupinga mkataba wa ulinzi kati ya Japani na Marekani kushindwa. Mtu anatembea usiku peke yake, ameinua uso ili machozi yasimdondoke. Ei hakutaja siasa hata mara moja, ndiyo maana kila mwenye huzuni yake anaweza kuuingia.

Sakamoto alikufa kwenye ile ajali ya ndege ya Agosti 12, 1985, iliyokuwa inatoka Tokyo kwenda Osaka. Walikufa watu 520.

Kwa bendi: sehemu kubwa ya sauti yake imekaa kwenye noti tano, kama nyimbo nyingi za kwetu. Mwendo ni wa kutembea. Mna mtu anayejua kupiga mluzi? Kuna sehemu ya mluzi mle, msiibadilishe kuwa kinanda.

NuruSauti

Shikamoo mzee, na shikamoo Mama Tatu. "Idol" nauweka pembeni. Nimejaribu beti ile kwa mwendo wa nusu na bado pumzi haikutosha. "First Love" nimeupenda, ila naona ni wa jioni yenye watu wachache. Mama Tatu, nitatamka vipi? Nasoma herufi za Kirumi tu.

MamaTatu

Marahaba mwanangu. Una bahati, irabu zao ni a, e, i, o, u karibu sawa na zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Mzungu anahangaika na hilo, wewe hutahangaika. "N" ikisimama peke yake ipe pigo lake zima, kama unavyosema "nchi".

Angalia mambo manne. Irabu ndefu usiifupishe: "aruko" mwishoni inavutwa kama "choo", ukiikata inasikika kama umekwama. Na "u" mara nyingi humezwa, "suki" inatoka karibu kama "ski". "Tsu" fanyia mazoezi kama "t" na "s" zilizounganishwa, ulimi nyuma ya meno, usiigeuze kuwa "su". "R" gusa kidogo tu, usiitetemeshe.

OtakuWaPangani

Kwa hivyo ni Sakamoto kwanza? Basi ongeza Matsubara kama wa pili. Wa 65 wanapata wao, wa 25 wanapata wao, na besi anapata kazi.

NuruSauti

Hivyo hivyo. Mpiga besi wetu anapiga mluzi vizuri sana, nimeshamwambia. Ijumaa tunafanya mazoezi ya "Ue o Muite Aruko" kwenye ufunguo wa F, na "Mayonaka no Door" tutaushusha hadi sauti yangu iukubali. KinandaMoshi, zile fidla za mwanzo unazipiga kwa mkono wa kulia peke yake au unazigawa mikono miwili?

KinandaMoshi

Mkono wa kulia fidla, wa kushoto kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) fupifupi za kinanda cha umeme. Besi usimwingilie kabisa huko chini, mwachie nafasi yote.